Vichezeo vya Kufaragua na Lugha ya Utendaji: Kigari cha Waya katika Ufundishaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna watoto wa Afrika Mashariki wanavyotengeneza vichezeo kwa mabaki ya vitu vya nyumbani, na namna kazi hiyo inavyobeba msamiati na sarufi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kichezeo cha kufaragua huwa zana ya kufundishia lugha pale tu mtoto mwenyewe anapokitengeneza. Kikitengenezwa na mzazi usiku ili kipate alama asubuhi, hubaki kuwa mzigo.

1. Utangulizi

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi wa aina hiyo hukutana mara moja na swali la zana: mwalimu wa darasa kubwa, mwenye vitabu vichache, afundishe kwa kitu gani? Jibu moja limo katika majalala ya nyumbani: waya, vizibo vya chupa, makopo, matambara na kandambili zilizokatika.

2. Kigari na utengenezaji wake

Kigari cha waya hujengwa kwa hatua zinazofuatana. Kwanza waya hunyooshwa, kisha hupindwa kupata fremu. Magurudumu hukatwa kutoka kwenye soli ya kandambili kuukuu, hutobolewa katikati, na kuchomekwa katika ekseli ya waya. Ncha za ekseli hukunjwa ili magurudumu yasichomoke. Mwisho, fimbo ndefu yenye usukani huunganishwa na ekseli ya mbele, na mtoto huenda nyuma ya gari lake akiliongoza kwa kusimama wima. Tundu likiwa dogo mno gurudumu halizunguki. Likiwa kubwa mno, gari huyumba. Mtoto hugundua msuguano kabla hajajua jina lake.

Mali ghafi nazo hufuata sera. Mpira wa watoto, uitwao juala katika mitaa ya Kenya na uchezwao katika chandimu za Tanzania, kwa miaka mingi ulitegemea mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Palipokosekana mifuko, matambara, soksi kuukuu na kamba za migomba vilibaki kuwa tegemeo. Ufaraguzi, basi, si orodha ya vifaa. Ni uwezo wa kubadili kifaa pasipo kupoteza mchezo.

3. Nomino hutofautiana, vitenzi hukutanisha

Majina ya vitu vinavyohusika hubadilika kutoka eneo hadi eneo. Kandambili huitwa pia ndala, malapa au patipati. Kishada ni tiara kwingineko. Gololi za Tanzania ni bano za Kenya. Gari lenyewe ni mutuka katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, emmotoka kwa Kiganda na imodoka kwa Kinyarwanda. Mwandishi wa kitabu cha kiada anayechagua jina moja na kuyafuta mengine humnyima mtoto daraja la kuvukia.

Vitenzi vya kazi, kwa upande mwingine, ni imara zaidi: kata, pinda, kunja, toboa, chomeka, funga, kaza. Hapa ndipo sarufi inapoonekana kwa macho. Gurudumu huchomekwa, huchomolewa, au huchomoka lenyewe. Tofauti ya mtenda na hali haihitaji ubao. Kamba hufungwa kisha hufunguliwa, waya hukunjwa kisha hukunjuliwa, na kauli ya kutendua hujieleza mikononi. Mwanafunzi anayezungumza Kinyarwanda tayari anazo jozi kama gufunga na gufungura, hivyo anachokutana nacho katika Kiswahili ni jirani wa anachokijua.

Faida hiyo hutoweka iwapo mtoto anakabidhiwa kichezeo kilichokamilika. Atajifunza jina la kitu, lakini hatasikia wala kutamka vitenzi vilivyokizaa.

4. Mipaka ya ufaraguzi

Mipaka miwili yafaa kuzingatiwa. Wa kwanza ni usalama. Makopo ya dawa za wadudu, betri zilizochakaa na vioo havifai kabisa. Ncha za waya sharti zikunjwe ndani, na kingo za makopo zipondwe. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, viwango vya kimataifa hukataza kipande kinachoingia chote katika kipimo cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 31.7, kwa kuwa chaweza kumkaba. Kizibo cha soda huingia.

Wa pili ni gharama iliyojificha. Mtaala wa umilisi ulipoenezwa nchini Kenya, wazazi wengi walilalamikia kazi za nyumbani zilizowatuma madukani kutafuta vifaa. Kitu kinachonunuliwa ili kifaraguliwe kimepoteza maana ya ufaraguzi, na mtoto wa maskini ndiye anayekuja shuleni mikono mitupu.

5. Hitimisho na mapendekezo

Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inatambua mchezo kuwa haki. Sera ya lugha yaweza kuitumikia haki hiyo bila gharama kubwa. Kwanza, utengenezaji ufanyike darasani, kwa mabaki yanayokusanywa na shule nzima, usipelekwe nyumbani. Pili, viongozi vya mwalimu viorodheshe vitenzi vya utendaji pamoja na minyambuliko yake, na viruhusu majina ya mahali kando ya yale ya Kiswahili sanifu. Tatu, upimaji ulenge maelezo ya mtoto kuhusu alivyokitengeneza kichezeo chake, si uzuri wa kichezeo. Gari linaloyumba, likielezwa vyema na aliyeliunda, ni ushahidi bora wa umilisi kuliko gari zuri lisilo na msimulizi.