Tufaha ni Mtoto wa Baridi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Mpenzi msomaji, lau nisingeuliza, miti yangu miwili ingekuwa kuni zamani!

Mama yangu huuza matunda stejini hapa Limuru. Nilipokuwa darasa la tano alinipa epo moja iliyochubuka. Nikaila, mbegu nikazipanda nyuma ya jikoni. Miche miwili ikaota, ikakua hata ikanipita kimo. Lakini maua? Hakuna hata moja! Mwaka jana baba akaniambia, "Hii miti yako inakula mbolea ya bure. Nitaikata nipande nyasi ya ng'ombe." Nilimsihi anipe wiki moja tu, kisha nikamkimbilia mwalimu wetu wa Kilimo. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tufaha, yaani hiyo epo yetu ya sokoni, ni mtoto wa baridi. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti hupukutisha majani ukalala. Macho yake hayaamki vizuri mpaka yapate saa za kutosha za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi huhitaji saa 800 hadi 1,000. Hata Limuru tunayoilalamikia kila Julai haifiki hapo! Basi mti huwa kama mtu aliyekosa usingizi: hajalala, wala hajaamka sawasawa.

Pili, mbegu ya tufaha haitoi mti kama mamake. Wakulima wa biashara hawategemei mbegu. Hukata kijiti cha mti unaozaa vizuri na kukipandikiza juu ya shina lingine.

Je, sisi wa nchi za joto tukate tamaa? La hasha! Kuna aina zinazotosheka na baridi kidogo, kama Anna iliyotoka Israeli na Dorsett Golden iliyotoka Bahama. Hizi zipandwe pamoja, kwa sababu Anna huhitaji chavua ya aina nyingine, na nyuki ndio wachukuzi. Isitoshe, huko Batu nchini Indonesia, wakulima huyang'oa majani kwa mikono baada ya kuvuna. Mti hudanganyika, ukadhani umeshalala, ukachanua tena. Kwa njia hiyo huvuna hata mara mbili kwa mwaka.

Sasa, kwa nini epo ni ghali? Tazama bonde la Elgin, Afrika Kusini, ambako matufaha hulimwa kwa wingi. Miti hupogolewa ikiwa imelala. Matunda machanga hupunguzwa ili yanayobaki yanenepe. Kabla ya kuchuma, tunda hukatwa na kutiwa ayodini, ile ile ya maabara yetu! Likigeuka jeusi kote, wanga bado ni mwingi, kwa hivyo halijawa tayari. Uchumaji hufanywa kwa mikono, zaidi kati ya Februari na Mei. Tunda huinuliwa na kuzungushwa kidogo litoke na kikonyo chake. Halivutwi wala halirushwi, maana likichubuka huoza upesi.

Baadaye huwekwa katika ghala lenye baridi inayokaribia nyuzi 0. Oksijeni hupunguzwa kutoka asilimia 21 ya hewa ya kawaida hadi 2 hivi, ili tunda lipumue polepole. Ndiyo sababu epo iliyochumwa Aprili inaweza kuliwa Krismasi ikiwa bado ngumu. Kisha hupangwa kwa ukubwa na rangi, ikapakiwa katoni, ikasafirishwa mbali mpaka kwa wauzaji wa jumla, ndipo imfikie mama. Kila mkono inamopita huongeza bei. Na mama akikuta tatu zimechubuka ndani ya katoni, faida ya siku imekwenda. Kumbe zile nilizokuwa nikizifurahia zilikuwa hasara yake!

Basi mwalimu alinisaidia kupata vijiti vya Anna na Dorsett Golden. Hatukuing'oa miti yangu, maana mti wa mbegu hufaa kuwa shina. Tuliikata vichwa, tukapandikiza vijiti viwili kwa kila mmoja na kuvifunga kwa ukanda wa plastiki. Baba alisimama kando, mikono mfukoni, akicheka.

Vijiti vitatu kati ya vinne vimeshika na kutoa majani. Maua bado. Baba amenipa muda mpaka nimalize kidato cha nne. Nisipopata tunda, nyasi itapandwa. Sijui mwisho wake, lakini juzi nilimkuta akiitilia samadi miti hiyo, wala sikuwa nimemwomba.

Wasomaji wenzangu, mvumilivu hula mbivu, lakini kwanza aulize mti unataka nini.