Bafu la Nyumba ya Rungwe: Joto, Presha na Mteremko Kabla ya Urembo

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, umejengwa kusini mwa Mlima Rungwe katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Katika mazingira hayo, anayekarabati bafu kwa kuiga picha za nyumba za Dar es Salaam hujikuta na chumba kinachopendeza kwa macho lakini kisichoogeka asubuhi ya Julai, kwa sababu bafu la pwani hutengenezwa ili kumpoza mtu, ilhali la Rungwe halina budi kumpasha joto, kisha kukauka lenyewe katika hewa ambayo kwa miezi mingi imejaa unyevu.

Jambo la kwanza kupimwa ni presha ya maji, yaani nguvu inayoyasukuma kutoka kwenye bomba. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na mdomo wa bomba huzaa takriban bari 1, ambayo ni kipimo cha presha hiyo. Kwa hiyo tangi lililowekwa juu ya mnara mita 3 kupita bomba la mvua hutoa bari 0.3 tu. Vichwa vipana vya bomba la mvua, vile vinavyoning'inia darini na kumwaga maji kama mvua ya masika, kwa kawaida huhitaji bari 1 au zaidi, na vikifungwa chini ya tangi la namna hiyo hudondosha matone machache katikati huku pembeni pakibaki pakavu. Mwenye tangi la mnara na asiye na pampu hufaa achague kichwa kidogo chenye matundu machache. Kwa upande mwingine, nyumba iliyo bondeni na inayopata maji ya mserereko kutoka chanzo kilicho juu mlimani inaweza kuwa na presha kubwa mno, na hapo huhitajika vali ya kuipunguza ili viungo vya mabomba visifumuke.

Suala la joto linastahili hesabu, kwa kuwa ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Bomba la mvua la umeme, lile ambalo kichwa chake kina koili inayopasha maji yanapopita, mara nyingi huwa na nguvu ya wati 5,500. Nguvu hiyo, maji yakipita lita 3 kwa dakika, huyaongezea nyuzi joto 26 hivi, lakini yakipita lita 6 ongezeko hushuka hadi nyuzi 13. Maana yake ni kwamba maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 15, muogaji wa Tukuyu hupata maji ya moto kweli pale tu anapokubali yatoke kidogo, na anayefungua koki yote akitarajia wingi huishia kuoga maji ya uvuguvugu na kukilaumu kifaa kisicho na kosa. Umeme nao ukipungua kutoka volti 230 hadi 200, nguvu ya kifaa hupungua kwa takriban robo. Kifaa hicho huvuta ampea 24, hivyo hakifai kuunganishwa kwenye waya wa taa wala wa soketi. Kinahitaji waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye ubao wa swichi, pamoja na waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Ikiwa kuna mahali pasipovumilia kubana matumizi katika ukarabati wote, ni hapa, kwa sababu aliyelowa maji miguu peku hana kinga nyingine.

Hita ya tangi hupasha maji mapema na kuyahifadhi, kwa hiyo huipa familia maji mengi kwa mkupuo, ila huomba nafasi na fedha zaidi. Hita ya gesi isifungwe kamwe ndani ya bafu, kwani hewa ya monoksidi kaboni inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha haina harufu, nayo huua, hasa katika nyumba za baridi ambazo madirisha yake hufungwa mchana kutwa.

Hata hivyo, nyumba nyingi za wilaya hii bado zitachemsha maji kwa kuni jikoni, na mpangilio mzuri hauoni haya kulitambua hilo. Koki ya chini ikiwekwa sentimita 60 kutoka sakafuni, ndoo ya lita 20 huingia chini yake bila shida, na kibaraza kifupi cha zege kando yake humfaa mzee anayeoga ameketi kwa ndoo na kopo. Koki ya bomba la mvua nayo iwekwe karibu na mlango wa sehemu ya kuogea badala ya chini ya kichwa chenyewe, ili mtu aifungue na kuyasubiri maji yapate moto kabla hajaingia. Fundi hukumbuka jambo hili iwapo tu ataambiwa kabla ya kuchimba ukuta.

Sehemu ya kuogea isipungue sentimita 90 kwa 90, na sakafu yake ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji machafu, ambalo chini yake bomba hupindwa ili libakize maji kidogo ya kuzuia harufu isirudi. Vigae vya sakafu viwe vya kukwaruza. Dirisha la luva karibu na dari, likielekeana na upenyo chini ya mlango, hutoa mvuke ambao vinginevyo huganda kwenye mabati na kudondoka usiku. Maji ya kuogea, yakitenganishwa na ya choo, yanaweza kuelekezwa kwenye migomba, na hivyo shimo la maji taka halielemewi wakati wa mvua za Aprili.

Kabla ya vigae kubandikwa, sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji, tundu lizibwe, maji yajazwe kina cha sentimita chache na kuachwa saa 24. Yakipungua, au ukuta wa chumba cha jirani ukilowa, kuna mpasuko. Mwenye nyumba asimlipe fundi sehemu ya mwisho ya ujira kabla ya jaribio hilo kufanyika mbele ya macho yake.