Roketi mfu yafuatwa hadi mita 15

JANUARI 2009, Japan ilirusha satelaiti kwa roketi ya H-2A. Kazi ikaisha, lakini kipande cha juu cha roketi hiyo, chenye urefu wa mita 11 na uzito wa tani tatu hivi, kikabaki kikiizunguka dunia.

Kipande hicho kimezimika, hakitumi ishara yoyote. Rada na darubini za ardhini hukiona, lakini si kwa usahihi wa kutosha kukisogelea.

Ndiyo maana Februari 2024 kampuni ya Astroscale ya Japan ilirusha chombo kiitwacho ADRAS-J. Kwanza kiliongozwa na vipimo vya kutoka ardhini, kisha kikatumia kamera zake chenyewe. Novemba mwaka huo kilifika mita 15 tu kutoka kwa roketi hiyo.

Kwa nini taabu yote hiyo? Februari 2009, satelaiti ya Marekani, Iridium 33, iligongana na Kosmos 2251, satelaiti mfu ya Urusi. Vikazaliwa vipande zaidi ya 2,000 vilivyoonekana kwa rada.

Chombo kilichokufa hakiwezi kukwepa. Kinachoweza ni kilicho hai, tena kikionywa mapema.