Mpole na Mayele: Bao Moja Lina Uzito Gani?

Msimu wa 2021/22 wa Ligi Kuu ya NBC ya Tanzania ulimalizika George Mpole wa Geita Gold akiwa na mabao 17 na Fiston Mayele wa Yanga akiwa na 16. Mpole akatwaa tuzo ya mfungaji bora, na kwa haki, kwa sababu kanuni ya tuzo huhesabu mabao tu. Nani kati yao alikuwa mshambuliaji hodari zaidi ni swali jingine, na bao hilo moja halilijibu.

Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Mpole, basi, alikuwa akifungia timu iliyokuwa ikionja ligi hiyo kwa mara ya kwanza. Mayele alikuwa amewasili kutoka AS Vita ya Kinshasa na kuingia katika Yanga iliyotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo.

Bao ni tukio adimu. Katika michezo 30 ya msimu, Mpole alipata wastani wa bao 0.57 kwa mchezo, Mayele 0.53. Matukio adimu ya namna hii hufuata kwa ukaribu kanuni ya uwezekano iliyochapishwa mwaka 1837 na Mfaransa Siméon Denis Poisson. Mwaka 1898 Ladislaus Bortkiewicz aliitumia kuchunguza vifo vya askari wa Prussia waliopigwa mateke na farasi, na ikaoana na takwimu. Kwa mabao pia inafaa vizuri. Kwa kanuni hiyo, idadi hupanda na kushuka kwa bahati tu kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 17 ni kama 4. Mshambuliaji yuleyule, mwenye uwezo uleule, anaweza kumaliza msimu mmoja na mabao 13 na mwingine na 21 bila lolote kubadilika miguuni mwake.

Wakichukuliwa wachezaji wawili walio sawa kabisa, kila mmoja akitarajiwa kufunga mabao kama 16.5, watatoshana mara 7 hivi tu kati ya 100. Katika misimu mingine yote mmoja atamzidi mwenzake, na pengo la mabao matano au sita si ajabu.

Mpira wa kikapu una nafuu hapa. Luka Dončić na Trae Young, waongozaji mchezo vijana ambao Atlanta na Dallas zilibadilishana usiku wa usajili wa 2018, kila mmoja alifunga zaidi ya pointi 1,500 katika msimu wake wa kwanza NBA. Mitupo ikiwa mamia kwa mamia, bahati haina nafasi kubwa ya kuficha tofauti zao.

Kwenye soka, mazingira nayo huvuruga hesabu. Mshambuliaji wa Yanga hulishwa mipira mingi ndani ya kumi na nane, ingawa hukuta mabeki wamejazana. Wa timu iliyopanda daraja hupata nafasi chache. Kwa sababu hiyo wachambuzi hupima kila shuti kwa umbali, pembe na aina ya pasi, kisha hulinganisha mabao yaliyotarajiwa na yaliyofungwa. Kwa kipimo hicho penalti moja hukadiriwa bao 0.76 hivi, hivyo wapigaji penalti hawastahili kuhesabiwa sawa na wengine.

Tiba nyingine ni misimu zaidi. Mwaka 2022/23 Mayele alifunga mabao 17, akagawana ufungaji bora na Saidi Ntibazonkiza, aliyeanza msimu huo Geita Gold kabla ya kuhamia Simba. Mabao 33 ya Mayele ya misimu miwili yana shaka ya asilimia 17 hivi, badala ya 25 ya msimu mmoja. Aliongeza mabao saba katika Kombe la Shirikisho Afrika, na mwaka 2025 akaifungia Pyramids ya Misri katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mpole alielekea Lupopo ya Lubumbashi katikati ya msimu wa 2022/23. Ushahidi wa uwezo wa Mayele kwa hiyo ni mzito zaidi, ingawa kwa msimu ule mmoja mabao 17 ya Mpole yalipatikana katika mazingira magumu kuliko 16 ya mwenzake.