Acha Jembe Lipumzike

Hivi karibuni nilikuwa Irente, juu kidogo ya Lushoto mjini. Ukisimama pale mwambani unaiona nyika ya Mazinde chini kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kila kijito kilikuwa chekundu. Wekundu ule ni shamba la mtu linateremka.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alinipeleka kwenye bustani nyuma ya nyumba. Nikaona maganda ya maharage na majani makavu ya migomba yametandazwa, miche ya kabichi ikichungulia. "Mama, mbona hujalima?" Akacheka. "Jembe halijaingia hapa misimu mitatu, baba. Weka mkono." Kidole kikazama chote. Udongo ulikuwa mweusi, na nyungunyungu tele.

Sababu ni hii. Ndani ya udongo mna vijitundu vilivyochimbwa na nyungunyungu na vilivyoachwa na mizizi iliyooza, na nyuzi za kuvu zinazoshikamanisha chembe. Humo ndimo maji yanamopita. Ukitifua unavivunja, hewa nyingi huingia na vijidudu hula mboji upesi. Ndiyo maana mboga hunawiri msimu wa kwanza, halafu udongo ukachoka. Mvua nayo ikipiga udongo mtupu, huuziba juu kama sakafu, maji yakakimbia nao.

Wasambaa wana haki ya kuchoka kufundishwa habari za udongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta milimani. Wakagoma, na mpango ukafa kabla ya Uhuru wa 1961. Mradi wa SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani, ulileta miti na majani ya Guatemala ya kukinga mteremko. Mama huyu hakuamriwa na mtu.

Sisi wa mjini tunaweza hata kwenye kijishamba cha uani. Fyeka magugu usawa wa ardhi, mwagia maji, tandaza maboksi yaliyobanduliwa gundi ya plastiki. Juu weka samadi iliyooza, unene wa vidole vinne, kisha majani makavu. Toboa, panda mche. Ukivuna, kata shina, mizizi iache humo humo. Usikanyage kitanda.

Lakini ndago haifi kwa boksi. Ichimbue kwanza na vifundo vyake. Kiwanja kilichoshindiliwa na malori ya ujenzi nacho kitifue mara moja tu, ndipo uanze. Na maranda ya seremala usiyachanganye na udongo. Mimi nilifanya hivyo, mchicha wangu ukawa manjano wiki nzima nikidhani ni ugonjwa, kumbe maranda yakioza huunyang'anya mmea naitrojeni.

Kisha kuna kuku. Wataparura kazi yako yote asubuhi moja. Yule mama wa Irente amezungushia matete.