VIDUKARI KATIKA MICHE YA MICHUNGWA

Mkulima, mche wa mchungwa ulio katika chungu, kopo au kiriba ni mali. Umeotesha mbegu ya mlimau, umeinyweshea miezi mingi hata shina likafikia unene wa penseli, ndipo ukabebesha jicho la mchungwa. Kazi yote hiyo yaweza kuharibiwa na wadudu wadogo kuliko punje ya mtama. Huitwa vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta.

MADHARA YAO

Vidukari wa michungwa ni weusi au wa rangi ya kahawia. Hukaa makundi makundi kwenye ncha za matawi na chini ya majani machanga. Hawatafuni jani, bali hulichoma kwa mdomo mfano wa sindano na kufyonza maji yake. Jani hujikunja, na ncha hudumaa. Mavi yao ni maji matamu yanayonata. Juu yake huota ukungu mweusi kama masizi, ukalizuia jani kupata mwanga.

Jike huzaa bila dume, na penye joto mtoto huanza kuzaa baada ya juma moja hivi. Wakisongamana, huzaliwa wenye mabawa, nao huhamia miche mingine.

Lakini hasara iliyo kubwa ni ugonjwa. Kidukari aliyefyonza mti mgonjwa huchukua virusi vya ugonjwa uitwao tristeza na kuvitia katika mche mzima. Nchini Brazil ugonjwa huu uliua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya midanzi, na mwaka 1946 mtaalamu M. Meneghini alithibitisha kuwa mwenezaji ni kidukari. Hakuna dawa ya kuuponya. Mchungwa uliobebeshwa juu ya mlimau wa ganda la vinundu huvumilia kuliko ulio juu ya mdanzi. Mndimu huumia sana.

JINSI YA KUWAZUIA

1. Kagua miche mara mbili kila juma. Geuza majani machanga. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, tafuta vidukari hapo hapo.

2. Wakiwa wachache, wapondeponde kwa vidole, au uwaoshe kwa maji yenye nguvu kiasi. Shika ncha ya mche kwa mkono usije ukavunjika.

3. Wakiwa wengi, yeyusha gramu 10 za sabuni ya kipande katika lita 1 ya maji, uchuje kwa kitambaa. Jaribu kwanza miche miwili au mitatu, ungoje siku moja. Majani yasipoungua, nyunyizia mingine. Fanya kazi hii asubuhi mapema au jioni. Sabuni humwua kidukari iliyemgusa tu, kwa hiyo lowesha hasa upande wa chini wa jani, na urudie baada ya siku 4 au 5.

4. Wazuie sisimizi. Wao hunywa maji matamu ya vidukari, na kwa ajili hiyo huwafukuza maadui zao. Weka miche juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame katika kopo lenye maji na mafuta kidogo. Majani ya miche yasiguse ukuta wala magugu, yasiwe daraja.

5. Usizidishe mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni. Mche ulioshiba kupita kiasi hutoa majani laini mfululizo, na hayo ndiyo chakula cha vidukari.

6. Usiwaue wasaidizi wako. Mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi hula vidukari, na mtoto wake, mrefu na mweusi, hula vilevile. Vidukari waliovimba na kukauka wakiwa rangi ya kahawia wameuawa na nyigu wadogo sana. Waache, ili nyigu hao watoke.

NENO LA MWISHO

Majicho ya kubebeshea yatwae katika miti mizima tu. Kuosha vidukari hakufai kitu ikiwa jicho lenyewe lina ugonjwa. Nao mche uliodumaa, wenye majani ya manjano na mishipa iliyofifia, utenge na kuung'oa. Usimwuzie mtu. Mche mgonjwa huchukua mahali shambani miaka mingi kabla mwenye shamba hajajua kuwa hatavuna.