Roho Mtakatifu na Upatanisho wa Ngeli

Wakristo walio wengi hukiri kuwa Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Katika Kiswahili, sehemu ya ungamo hilo imebebwa na kiambishi.

Nomino "roho" kwa kawaida hufuata ngeli ya N-, ndipo husemwa roho safi, roho imetulia. Lakini Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, huandika Roho Mtakatifu, nayo humpa kiambishi a-: alishuka, alinena. Vivyo hivyo "Neno", mwanzoni mwa Injili ya Yohana, huacha li- na kutwaa a-. Kinyume chake, Mashahidi wa Yehova, ambao hawaukubali Utatu na humhesabu Roho kuwa nguvu itendayo kazi, huandika "roho takatifu". Tofauti ya silabi moja ni tofauti ya itikadi.

Hata hivyo, sarufi ina mpaka wake. Kiambishi a- huandamana na mtu, simba na mdudu pia. Hudhihirisha uhai, hakithibitishi uungu. Uungu huo ulikiriwa katika Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, kwa hoja zisizotegemea ngeli.